Kamati ya Uimara wa Wazee na Dungu la Bibi Mwanaharusi

Kamati ya Uimara wa Wazee Majumbani inayo furaha kuutangazia umma, wa bondeni na wa barabarani, kwamba uzee sasa umepatiwa mratibu.

Kabla ya hapo watu wa Rufiji walikuwa wanazeeka hovyo. Mtu anaamka asubuhi, anakuta jino limeondoka, anachukua jembe anakwenda shamba kama kawaida. Hana mwongozo, hana semina, hana fulana. Wengine walizeeka mpaka wakafa na hakuna ofisi iliyojulishwa. Hali kama hiyo haivumiliki katika nchi inayosonga mbele. Ikapangishwa nyumba pale Kibiti, nyuma ya stendi, nyumba yenye feni na friji, na mimi nikateuliwa kuwa Katibu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na sina tabia ya kuuliza maswali wakati wa chai.

Lengo letu ni kumsaidia mzee awe mchangamfu, awe na afya na ajitegemee nyumbani kwake. Neno lenye uzito hapo ni nyumbani. Mratibu wetu, Bwana Agapiti, mtu wa bara mwenye sauti ya redio, alitufafanulia siku ya kwanza.

"Mzee akikutwa nyumbani amekaa, hiyo ni takwimu," alisema. "Asipokutwa, huo ni utoro."

Tukaandika.

Bwana Agapiti mwenyewe ana miaka sitini na mitatu. Muda wake wa kustaafu ulishafika ukapita, lakini wakubwa walimwongezea mkataba, wakaeleza kwamba masuala ya wazee yanahitaji mtu anayeyafahamu kwa ndani. Yeye husema ni kijana. Nywele zake ni nyeusi kuliko zangu, na zangu sijawahi kuzipaka kitu.

Mwongozo wa Uimara aliutunga yeye. Unamtaka mzee akutwe nyumbani. Unamtaka afanye mazoezi kwa mpira maalumu wa njano, wa kuvuta kwa mikono miwili akiwa amekaa kwenye kiti. Halafu kuna kifungu cha ngazi, ambacho tulikipigia makofi: mtu yeyote aliyevuka miaka sitini haruhusiwi kupanda wala kushuka ngazi isiyo na mshikio, isipokuwa kwa kibali cha Kamati nzima, ikiwa imekaa palipo na ngazi hiyo, Mratibu akiwa mwenyekiti. Maneno "wala kushuka" aliyaongeza dakika ya mwisho. Alisema bila hayo sentensi ilikuwa inachechemea.

Tukaingia kazini. Tulianza na kijiji kimoja upande wa Mloka, kwa mzee wa kwanza tuliyetajiwa, Bibi Mwanaharusi. Nyumba yake iko kando ya barabara, ina mlango wa mbao, na mlango umefungwa kwa kamba. Tulipiga hodi. Tukarudi siku ya pili tukapiga hodi. Siku ya tatu Bwana Agapiti alipiga hodi yeye mwenyewe, kwa mamlaka, na kamba haikutikisika.

Jirani, mwanamke anaitwa Rukaiya, alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga.

"Yuko dunguni," alisema.

"Anaumwa?"

"Analinda mpunga."

"Kwa umri huo?"

"Nguruwe hawaulizi umri, baba."

Kwa wasomaji wa mijini nieleze. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, katikati ya shamba la mpunga bondeni. Mpunga ukianza kutoa mashuke, mwenye shamba anahamia huko na sufuria yake na mkeka wake, anakaa juu mpaka avune. Mto ukijaa, maji yanapita chini. Nguruwe, ngedere na kiboko wakija, anapiga debe. Hivyo ndivyo watu wa bonde walivyoishi tangu zamani, na ndiyo maana kila serikali iliyowahi kuja imejaribu kuwashusha.

Tuliteremka bondeni tumevaa viatu vya ofisi. Tulimkuta Bibi Mwanaharusi anapanda ngazi ya dungu lake, ndoo ya maji kichwani, mkono mmoja umeshika kipago, kijiti cha kukanyagia, na mwingine umeshika upindo wa khanga. Alitua ndoo juu, akageuka, akatutazama kama mtu anayetazama kunguru.

"Shikamoo, Bibi," nilisema.

"Marahaba. Mmepotea?"

"Tumekuja kukusaidia ujitegemee," alisema Bwana Agapiti.

Bibi akasubiri kidogo, huenda kulikuwa na maneno mengine yanakuja. Hayakuja.

"Mama, wewe unaishi juu ya miti," aliendelea Mratibu.

"Naishi juu ya mpunga."

"Nyumbani kwako ni kule barabarani."

"Kule?" Bibi aliketi ukingoni mwa dungu, miguu inaning'inia. "Kule tuliletwa kwa malori. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, hina haijatoka mikononi. Mtu kama wewe alisimama juu ya lori, naye alikuwa na sauti nzuri kama yako, akasema tunasogezwa karibu na huduma. Basi tukasogea. Huduma ndiyo bado."

Nilitaka kuliandika hilo, lakini Bwana Agapiti alinionyesha kwa macho kwamba halikuwa takwimu.

Muuguzi wetu, Nesi Consolatha, alipanda akampima Bibi presha. Akatazama kipimo, akapima tena, akasema kutoka juu kwamba Bibi yuko vizuri kuliko msafara mzima. Bwana Agapiti alielekeza kipimo kirudiwe nyumbani, maana afya iliyopatikana nje ya nyumbani haihesabiki. Kisha akatoa mpira wa njano, akaonyesha: unakaa, unavuta, unaachia.

"Nikishavuta?" aliuliza Bibi.

"Unaachia."

"Nikishaachia?"

"Unavuta tena. Misuli ya mikono inakuwa hai."

"Na nguruwe, yeye atakuwa anafanya mazoezi gani?"

Mwongozo hauna kifungu cha nguruwe. Bwana Agapiti aliukunja mpira. Bibi akamkaribisha juu, kwa adabu kabisa.

"Panda uone. Ila jua likikuzamia huku, zamu ni yako. Bonde lina desturi yake. Aliye juu jua likizama ndiye mlinzi, awe mkwe, awe shehe, debe ni lake mpaka kuche."

Mratibu alicheka, akasema desturi ni nzuri kwa utalii.

Kamati ilikaa Kibiti chini ya feni ikatoa uamuzi. Bibi Mwanaharusi hajitegemei, kwa sababu hakutwi nyumbani. Dungu lake ni hatarishi na livunjwe, siku ya uzinduzi, mbele ya wananchi, liwe mfano. Mtendaji wa kijiji, Hemedy, kijana mtiifu wa kupita kiasi, ndiye aliyepelekewa nakala ya Mwongozo. Aliusoma wote. Nasema hivyo kwa kuwa ni yeye peke yake aliyefanya hivyo, sisi tulioupigia makofi tulikuwa hatujafika mwisho.

Hemedy aliuliza jambo moja kwenye simu.

"Mratibu, mpunga wa Bibi bado haujaiva. Dungu likivunjwa siku hiyo, usiku huo huo nguruwe wanaingia. Mwaka mzima atakula nini?"

"Hapo sasa atakuwa tegemezi," alisema Bwana Agapiti, "na wazee tegemezi tunalo fungu lao."

Hemedy akasema ameelewa. Nilikuwepo, simu ilikuwa kwenye sauti kubwa.

Siku ya uzinduzi ikafika. Shughuli ilipangwa saa nne asubuhi. Wazee walifika saa tatu, kwa sababu ni wazee. Mgeni rasmi alipata udhuru, akamkaimisha Bwana Agapiti, ambaye ilibidi aondoke Kibiti mara mbili, mara ya kwanza kama mwenyeji, ya pili kama mgeni. Alipofika ilikuwa saa tisa alasiri. Alijikaribisha, akajishukuru kwa kukubali mwaliko.

Niseme kuhusu eneo. Vijana wa mapambo walipata mahali pazuri ajabu bondeni, njia pana imenyooka kutoka kwenye bwawa hadi karibu na shamba la Bibi, majani yamelala chini kama zulia. Bwana Agapiti aliusifu uongozi wa kijiji kwa kufyeka. Tukafunga turubai hapo, tukapanga meza kuu, spika na jenereta, na lango la heshima la migomba mibichi.

"Mratibu," alisema Hemedy, "hiyo ni njia."

"Naona ni njia. Nzuri sana."

"Ina mwenyewe."

"Mwambie mwenyewe atalipwa."

Hemedy akasema ameelewa.

Wazee walikalishwa kwenye viti vya plastiki, wakapewa mipira ya njano, wakavuta na kuachia mpaka mzee Huseni, mvuvi wa zamani aliyekuja na mtumbwi toka ng'ambo ya mto akipiga kasia mwenyewe, akauliza kama mashine ya boti wanayoiwasha haijashika moto bado. Wakapewa soda. Pilau lina mafuta, si zuri kwa afya za wazee, kwa hiyo lililiwa na Kamati. Kujitoa mhanga kwa namna hiyo huwa hakutajwi kwenye magazeti.

Hotuba ikaenda, jua nalo likaenda. Bibi Mwanaharusi hakukaa kwenye kiti. Alisimama chini ya dungu lake, mkono kwenye nguzo, kama mtu aliyeshika bega la mgonjwa.

Ilipokaribia jioni Mratibu alitangaza tukio kuu. Atapanda dungu yeye mwenyewe, ang'oe ubao wa kwanza, apigwe picha, kisha vijana wamalizie.

"Mimi bado kijana," aliwaambia watu, na akapanda. Alipanda vizuri, sitaki kumsingizia. Alifika juu, akageukia kamera, akashika ubao.

Ndipo mwenye njia akatoka bwawani.

Kiboko hakuja kwa fujo. Alikuja kama mtu anayetoka kazini. Alifika kwenye lango la heshima, akala mgomba wa kulia, akafikiri, akala wa kushoto. Mshereheshaji alikuwa bado anasema "na sasa tumpokee". Halafu kila mtu akamwona. Kamati ya Uimara wa Wazee iliondoka eneo la tukio kwa kasi ambayo ingefaa kuwekwa kwenye ripoti kama mfano wa uchangamfu. Magari yalikuwa yanaunguruma kabla madereva hawajakaa. Wazee walijikusanya taratibu upande wa mchungwa mmoja kando ya shamba, mahali kiboko hapiti, na wakaendelea na soda zao. Mimi niliwafuata wazee, kwa sababu za kiutafiti.

Spika ilikanyagwa. Meza kuu ilikanyagwa. Kiboko akamaliza shughuli za serikali, akanusa hewa, akaelekea kwenye mpunga wa Bibi Mwanaharusi.

"Debe," aliita Bibi.

Juu ya dungu Bwana Agapiti alikuwa amekumbatia nguzo.

"Debe liko nyuma yako, mdogo wangu. Na rungu lake. Piga."

"Atakuja huku."

"Usipopiga ndiyo atakuja. Piga, huo ni mwaka wangu mzima anaukanyaga huyo."

Akapiga. Kwanza alipiga kama mtu anayebisha hodi kwa mkubwa wake. Bibi akamwambia aongeze. Akaongeza. Akapiga kwa mikono miwili, akipiga kelele maneno ya kilugha cha kwao ambayo sitajaribu kuyatafsiri. Kiboko alisimama, akatikisa masikio, akageuza ule mwili wake mkubwa bila haraka, akarudi alikotoka. Kilichopotea ni kona moja ya shamba.

Jua likazama.

Bibi alitazama magharibi, akafunga khanga kiunoni, akachukua bakora yake ambayo sijawahi kumwona akiiegemea, akaanza kuondoka.

"Unakwenda wapi?" ilikuja sauti kutoka juu.

"Nyumbani. Si ndiko mnakonitaka?"

"Na mimi?"

"Wewe uko juu na jua limezama. Nguruwe wanatokea upande wa matete. Ngedere asubuhi. Uji umo kwenye sufuria, usiunguze."

Bwana Agapiti akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza, akaurudisha. Kupanda na kushuka ni mambo mawili, kila aliyewahi kupandishwa cheo anajua. Akamwita Hemedy amshike.

Hemedy alikuja chini ya ngazi na nakala ya Mwongozo kwapani.

"Mratibu, ningekushika. Lakini ngazi haina mshikio."

"Najua haina mshikio. Ndiyo maana nataka bega lako."

"Umevuka sitini?"

Bwana Agapiti alizipapasa nywele zake.

"Mimi si mzee," alisema.

"Mkataba wako umeongezwa kwa sababu ya uzee, baba," alisema Nesi Consolatha. Yeye alikuwa amebaki, alikuwa anawapima wazee presha, na alisema bila ubaya, kama anavyosoma kipimo. "Ukitaka tuseme si mzee, itabidi tuseme hivyo na ofisini."

"Mtu aliyevuka sitini," alisoma Hemedy kwa mwanga wa simu, "haruhusiwi kupanda. Hilo limepita, tunaweza kusamehe. Wala kushuka. Hapo ndipo penye ugumu. Kibali ni cha Kamati nzima."

"Kamati ni mimi."

"Wewe ni mwenyekiti. Kamati iko njiani kwenda Kibiti, inakwenda mbio sana."

Kulipokucha tulikwenda kwa Bibi Mwanaharusi, mimi na Nesi Consolatha, kufanya tathmini. Kamba haikuwepo mlangoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, chai na muhogo mbele yake, macho mepesi ya mtu aliyelala usiku mzima. Nesi akampima. Vipimo vilikuwa vile vile vya dunguni, ila sasa vilihesabika.

"Kuna mtu aliyekusaidia, Bibi?" niliuliza, maana swali lipo.

"Yupo. Mtumishi mmoja. Nimemwacha dunguni. Usiku nilikuwa namsikia kwa mbali, ana mkono mzuri. Mwanzo alikuwa anapiga kwa woga, alfajiri alikuwa anapiga kwa hasira. Kwa hasira ndipo penyewe."

Bondeni tulimkuta Bwana Agapiti amevua koti, sauti imekauka, viganja vimevimba. Nguruwe walikuja mara kadhaa. Hakuna aliyefika kwenye mashuke. Nywele zake, kwa jasho la usiku ule, zilikuwa zimerudia rangi yake halali.

Kamati ilifika alasiri kwa gari la kukodi. Wajumbe waliteremka bondeni wakiwa wamekunja suruali, wakaketi kwenye tope kuzunguka ngazi, ambayo mwenyewe, Bibi Mwanaharusi, alikuwa amekalia kipago chake cha chini kabisa. Mwenyekiti aliongoza kikao kutoka juu. Mjumbe mmoja aliuliza kumbukumbu za kikao kilichopita. Akaulizwa kama anataka kulala hapo.

"Ajenda ni moja," alisema Mratibu kwa sauti iliyobaki. "Kibali cha kushuka."

"Ajenda ni mbili," alisema Bibi bila kugeuka. "Ngazi yangu, dungu langu. La dungu kwanza."

"Mama, hilo litashughulikiwa baadaye, nakuahidi."

"Baadaye?" Bibi akacheka, mara moja tu. "Nilipakiwa lori kwa hiyo baadaye. Mimi sina haraka, mdogo wangu. Chai nimekunywa, usingizi nimepata. Jua ndilo linateremka."

Wajumbe wote walitazama magharibi. Kisha wakatazama bwawa.

Kamati ikaazimia, kwa kauli moja na bila mjadala, kwamba nyumbani kwa mzee ni pale alipo na kazi yake. Kwamba dungu la Bibi Mwanaharusi na madungu mengine yote ya bonde ni nyumba, na hakuna ofisi itakayoyagusa. Na kwamba anayelinda mpunga wake hajatoroka. Niliandika nikiwa nimepiga goti topeni, na mwandiko ukasomeka. Bibi akanitaka nimsomee. Nikamsomea. Akataka Hemedy naye amsomee, asikie kama ni yale yale. Yalikuwa yale yale.

Akanyanyuka kutoka kwenye kipago.

"Haya. Geuza mgongo. Usishuke kama unateremka kwenye gari, shuka kinyumenyume. Tafuta kipago kwa kidole gumba. Usitazame chini."

"Nitazame wapi?"

"Tazama mpunga. Hujawahi kuutazama."

Alishuka. Ilichukua muda. Mguu wa mwisho ulipogusa ardhi alibaki ameshika ngazi, na Bibi akamshika kiwiko, akamtembeza hadi kwenye mchungwa, akamkalisha, akampa maji. Halafu akapanda juu mwenyewe, akalikagua debe. Lilikuwa limebonyea upande mmoja. Alisema atalipeleka Kibiti kunyooshwa, Kamati italipa nauli.

Ripoti yangu ya robo mwaka nimeshaiwasilisha, nayo inasema kweli. Mradi umefanikiwa. Idadi ya wazee waliosaidiwa kuwa wachangamfu na kushuka salama: mmoja, mwanamume, wa Kibiti, anaendelea vizuri, siku hizi akisikia debe anasimama. Bibi Mwanaharusi sikumweka kwenye idadi hiyo. Nimemweka kwenye safu ya watoa huduma.